Mama wa Kambo wa Chuma

Wahenga walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa pembeni, wenye alama ya magoti yako mwenyewe. Msala upitao ni ule mpya uliouona mabegani mwa mtu, ukaipenda rangi yake, ukautupa wako, na kesho yake mwenyewe akaukunja akaenda nao. Watu wengi huitoa methali hii kwenye kesi za ndoa, pale mume anapomwacha mke aliyekula naye shida akamfuata mwingine. Haya, ya ndoa wayaseme wenye ndoa zao. Mimi nina habari ya fundi wa kuchomelea, binti yake, na bomba la chuma lililopindwa, na nikimaliza kila mtu atajua mbacha ulikuwa upi na nani alisema utupwe.

Fundi huyo alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, katika mtaa uliopakana na uwanja wa gofu. Kilichoutenga mtaa na uwanja ni uzio wa waya tu. Upande huu watu walianika nguo na kugombania zamu ya maji. Upande ule watu wenye kofia nyeupe walitembea polepole wakiufuata mpira mdogo kana kwamba hawana pengine pa kwenda. Fundi alitengeneza mageti, vitanda vya chuma na grili za madirisha, na sifa yake ilikuwa kwamba kazi yake haiyumbi. Geti lake ulilisukuma kwa kidole likafunguka, ukaliacha likasimama pale pale.

Kabla ya ufundi, alikuwa mbeba fimbo. Ujana wake aliumalizia upande wa pili wa waya, mikoba ya wanachama mabegani. Siku ya Jumatatu, klabu ilipofungwa, wabeba fimbo waliruhusiwa kucheza wenyewe, na huyu ndiye aliyekuwa simba wa Jumatatu. Aliamini kwamba iko siku atacheza na siku za watu wengine pia. Lakini alioa, akajifunza kuchomelea ili nyumba ipate kusimama, na siku moja geti alilokuwa akilipandisha liliponyoka likamwangukia bega la kushoto. Bega lilipona, ila lilipona vibaya. Mkono ulipanda mpaka mahali fulani, ukasita kidogo, ndipo ukaendelea. Ukimuuliza alisema halimsumbui hata kidogo, na nadhani alisema kweli, maana mtu akikaa na kilema muda mrefu husahau kwamba hakuzaliwa nacho. Ya gofu aliyaacha. Alibakiza fimbo moja tu, namba saba, akaiegemeza nyuma ya kabati.

Mkewe alifariki wakati binti yao bado anabebwa mgongoni. Alimlea pamoja na dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno mengi na huruma nyingi, ambaye binti alimwita shangazi na mtaa mzima nao ukamwita hivyo hivyo. Binti alipomaliza shule alitafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli, na mwisho akapata kibarua kule kule kwenye uwanja wa gofu. Alifyeka majani mahali ambapo mashine haifiki, kwenye mitaro na kwenye mashina ya miti. Kila alfajiri vibarua walisimama langoni, msimamizi akawanyooshea kidole, wewe, na wewe, na wewe, na aliyekosa kidole alirudi nyumbani. Yeye hakukosa. Fyekeo mkononi mwake lilikwenda chini kwa chini, mkupuo mmoja, majani yakalala.

Humo mitaroni ndimo mlimopotelea mipira ya wanachama. Siku moja, kwa utani tu, alikwenda kazini na ile fimbo ya nyuma ya kabati, akapanga mipira aliyoiokota, akaipiga kama anavyofyeka. Miguu aliitanua, mgongo akauinamisha, kisigino cha kulia kikaruka, na fimbo ikazunguka kiunoni badala ya kupanda begani. Lilikuwa pigo baya. Nasema baya bila kumwonea, hata yeye alikiri. Lakini mpira ulitoka chini chini, ukanyooka, ukaenda kuanguka mbali kuliko ile ya wengi waliolipa ili kufundishwa. Akapiga wa pili, ukaufuata wa kwanza kana kwamba umetumwa kuuita. Wabeba fimbo walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakanyamaza, kisha wakampa jina la Fyeka. Jina likamganda, na yeye hakulichukia.

Habari zikamfikia mwalimu wa gofu wa pale klabuni, mtu mkimya mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alikuja akasimama juu ya mtaro, akatazama mipira kadhaa ikienda. Alipomaliza kutazama alimweleza kwamba klabu inatafuta mwalimu msaidizi wa kuwafundisha watoto, kazi ya kudumu, na kwamba baada ya mvua watakaoitaka watapiga mbele ya kamati. Akamtaka na yeye aje. Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, akageuka tena.

"Binti, hilo pigo lako usimruhusu mtu aliguse," alisema. "Si zuri kwa macho. Lakini ni lako, na linajua njia."

Fyeka alirudi nyumbani mbio. Muelewe hapo, ndugu zangu, ilikuwa kazi ya kudumu. Siku hizo vibarua walikuwa wakinong'onezana kwamba klabu imeagiza mashine mpya inayoweza kuingia hata mtaroni, na kwamba ikifika, watabakizwa wachache wenye mikono myepesi tu. Kuipata kazi ile ilikuwa kuagana na kidole cha msimamizi kwa maisha yote. Baba yake aliposikia, chakula kilimshinda. Alitoka nje akaenda kusimama kwenye uzio, akautazama uwanja kwa muda mrefu, na shangazi akamwambia binti amwache, mwache, huyo ameota ndoto yake tena.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mema. Lakini kesho yake fundi alikwenda uzioni kumtazama binti yake akipiga, na karibu na pale palikuwa na wanachama wawili waliosimama kupumzika. Mmoja wao alimwuliza mwenzake kama msichana yule anapiga mpira au anaua nyoka. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani, walicheka tu kama watu walioshiba. Kicheko kile kilimwingia fundi kama cheche ndani ya kiatu. Aliona aibu, tena aibu yenyewe hakuionea nafsi yake, aliionea damu yake, na hiyo ndiyo aibu mbaya zaidi.

Jioni alimketisha binti na kumweleza kwamba pigo lile halifai. Fyeka akamkumbusha maneno ya mwalimu. Fundi akasema mwalimu ni mtu wa adabu, alikuwa anamfichia. Shangazi akaingilia kati akisema mpira si unakwenda, au mdogo wake anataka uende umevaa kilemba? Fundi hakucheka.

"Mwalimu hufundisha kwa mwili wake, mama," alimwambia binti yake, kwa upole. "Watoto wataangalia unavyosimama, nao watasimama hivyo. Nani atamleta mwanawe afundishwe kufyeka?"

Neno hilo lilikuwa kweli tupu. Mtakuja kuona jinsi lilivyokuwa kweli.

Fundi akaamua kumtengenezea kifaa cha kulirekebisha pigo. Vifaa vya namna hiyo alikuwa ameviona alipokuwa mbeba fimbo. Wanachama walivileta kutoka madukani, duara kubwa lililosimamishwa mshazari, unaingia katikati, unaipitisha fimbo juu ya duara ikiteleza, kwenda na kurudi, mpaka mwili uijue njia bila kuambiwa. Kununua hakuweza, ila kupinda bomba aliweza kuliko wote waliovinunua. Kilichokosekana ni kipimo. Njia ya fimbo inapita wapi hasa? Akajipima mwenyewe, kama fundi yeyote ajipimavyo. Geti hupimwa kwa kusimama langoni ukanyoosha mikono. Kitanda hupimwa kwa kulala.

Alisimama mbele ya ukuta wa karakana na ile namba saba mikononi, akaizungusha polepole sana, pigo lake la Jumatatu, lile lililomfanya aitwe simba. Binti alisimama upande na chaki, akaufuata mwendo wa fimbo ukutani. Wakarudia mpaka mstari ukawa mnene, mviringo mzuri mweupe kwenye ukuta mweusi wa moshi. Fyeka alirudi nyuma akautazama. Upande wa juu kushoto, mviringo ulikuwa umebonyea kidogo.

"Baba, hapa pamebonyea," alisema, akiweka kidole.

Fundi alipatazama, akapapasa. Akamwambia hapo ndipo nguvu inapojikusanya kabla ya kushuka, wapigaji wote wakubwa wana mahali pa kusitia. Hakudanganya. Alikuwa akiamini hivyo kwa moyo wake wote, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukimwambia hivyo miaka nenda miaka rudi. Basi akalibana bomba kwenye jiliwa, akalipasha moto, akalipinda kufuata chaki, akapunguza kidogo kwa sababu binti hakuwa na kimo chake. Pale palipobonyea alipabonyeza kwa uangalifu zaidi kuliko pengine pote. Akasimamisha bomba juu ya miguu ya nondo, akachomelea bamba la chuma la kubania nyayo, akakata mpira wa ndani wa baiskeli wa kufungia kiwiko kibanane na mbavu, kisha akalipaka lote rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Kazi haikuyumba.

Shangazi alipotoka asubuhi na kukuta duara la kijani limesimama katikati ya ua, alishika kiuno. Akasema haya, leo tumeletewa mama wa kambo: hapiki, hacheki, na kila mtu lazima apite kando yake. Jina hilo nalo likaganda. Ikawa Fyeka akitoka kazini huaga kwamba mama wa kambo anamngoja.

Mama wa kambo alikuwa mkali. Siku za mwanzo fimbo iligonga bomba kila mara, ngwa, ngwa, majirani wakajua makosa ya binti wa watu kwa kuhesabu kelele. Mkono ulitaka kwenda kiunoni ulikozoea, bomba likaukataa. Kiwiko kilitaka kutoka, mpira ukakirudisha. Kisigino kilitaka kuruka, nyayo zikajikuta zimebanwa. Alilala na mabega yanayouma. Lakini siku zilivyokwenda kelele zilipungua, ngwa zikawa chache, na ikafika asubuhi moja ambayo fimbo ilipanda na kushuka juu ya bomba lile pasipo sauti yoyote ila ya kuteleza. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na mkono mdomoni. Machozi yalimlengalenga, akajifanya moshi umemwingia machoni ingawa mashine ilikuwa imezimwa.

Na sasa niseme jambo ambalo watu wa mtaa hawakulijua. Fyeka hakuvumilia adhabu ile kwa sababu ya kazi peke yake. Baba yake alikuwa mtu wa kukaa kimya. Miaka yote maongezi yao yalikuwa umekula, umefunga mlango, shikilia hapa nichomelee. Lakini tangu mama wa kambo aingie uani, fundi alifunguka. Alimsimulia Jumatatu zake zote, mashimo aliyoyashinda, mama yake alivyokuwa akija kusimama uzioni akiwa na mimba yake kumtazama baba akicheza. Binti hakuwahi kuyasikia hayo. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba kifaa chake hukitaki?

Fundi alimkataza kupiga mipira mtaroni, asije akachanganya la zamani na jipya, na yeye alitii. Siku moja tu alishindwa kujizuia. Alipanga mipira kwenye nyasi, akapiga kama mama wa kambo alivyomfunza. Mwili ulizunguka vizuri ajabu, mpira ukatoka mnyonge, ukapinda kulia, ukaanguka karibu. Wa pili vile vile. Akajiambia nyasi zina umande. Jua lilikuwa limeshapanda na umande haukuwapo, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi maji. Alimwambia shangazi, naye shangazi akamsihi amwambie baba mapema, kabla mvua hazijaisha. Fyeka akasema atamvunja moyo. Shangazi akamjibu kwamba moyo ukivunjika mapema huungwa. Mambo yakaishia hapo, kila mmoja akaendelea na kazi zake.

Kuna dalili nyingine, nayo wote waliipuuza. Msimamizi wa vibarua alianza kumkemea Fyeka kwamba siku hizi anafyeka kama anayeogopa kuyaumiza majani. Fyekeo lilipanda juu, likasita, ndipo likashuka, na wenzake wakamwacha nyuma mtaroni.

Siku ya kamati fundi alivaa shati lake la kupigwa pasi, lile la misiba na harusi, akapita lango la klabu kwa mara ya kwanza tangu alipotua mkoba wa mwisho. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Walioitaka kazi walikuwa wachache, miongoni mwao kijana mmoja mwembamba aliyewahi kubeba fimbo, ambaye mapigo yake hayakuwa mazuri wala mabaya. Fyeka akaitwa.

Alipoinua fimbo, wanachama waliokuwa wakizungumza waligeuka kutazama. Pigo lilikuwa zuri. Lilipanda kwa heshima, likasita, likateremka, likamalizikia juu na mwili umesimama wima, kiatu kimekaa sawasawa. Hata yule aliyeuliza habari za nyoka alitikisa kichwa kwa kukubali. Fundi alijaa kifuani mpaka kifungo cha shati kikavutika. Ila mpira ulikuwa haujui habari za uzuri. Ulipaa kidogo, ukapinda kulia, ukaanguka mahali ambapo hata watoto wangeufikisha. Akapiga tena, ukapinda. Akapiga tena, ukapinda, na safari hii fundi aliacha kutazama mpira akamtazama binti.

Mwalimu alitoka kwenye meza ya kamati akamsogelea. Alimwomba arudie pole pole bila mpira, akamzunguka, akamsimamisha fimbo ikiwa juu.

"Uliumia bega hili lini?" alimuuliza.

Fyeka akasema hakuwahi kuumia bega maishani mwake. Mwalimu akakunja uso. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kamba haikuwa mbali.

"Hili ni pigo la mtu mwenye bega bovu la kushoto. Angalia, ukifika hapa unalihurumia, kisha unalidondosha. Mtu hazaliwi na pigo hili. Mtu hulipata kwa kuumia."

Nyuma ya kamba, mkono wa fundi ulipanda wenyewe ukashika bega lake la kushoto. Alikuwa hajawahi kujiona akipiga. Nani hujiona? Sasa alijiona, amesimama pale mbele ya kamati, amevaa sketi ya binti yake na uso wa marehemu mkewe, akilihurumia bega ambalo halikuangukiwa na kitu. Watu walimwona akiinama kama aliyedondosha kitu, wakampisha nafasi.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Fyeka asahau yote, apige lile la kule mtaroni. "Lile lako," alisema. "Nimewaambia hawa habari zake."

Fyeka alitanua miguu. Aliinamisha mgongo. Alifumba macho kidogo kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemfahamu zamani. Fimbo ilianza kwenda kiunoni, ikafika mahali ikakwama, kwa maana hapo ndipo bomba lilipokuwa likikaa, na ingawa bomba lilikuwa nyumbani uani, mkono ulilikuta. Ikapanda, ikashuka, ikachimba udongo. Akajaribu tena, akaukosa mpira kabisa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, binti nyuma, wakaingia uani na kumkuta mama wa kambo amesimama na rangi yake ya kijani. Hapo fundi alijaribu kusema. Alianza kwamba kifaa hakikufanya kazi, kwamba labda bomba lilikuwa nene mno, labda angelipinda kidogo zaidi hapa au pale. Fyeka alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia.

"Kilifanya kazi, baba," alisema. "Kila ulichokiweka ndani yake, nimejifunza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuua fundi. Aliingia karakana akasimama mbele ya ukuta. Mstari wa chaki ulikuwa ungalipo. Akaweka kidole pale palipobonyea, pale ambapo binti yake aliweka kidole chake na yeye akamjibu kwa ujuzi. Alikaa humo bila kuwasha mashine mpaka shangazi alipokwenda kumtoa kwa mkono.

Kazi alipewa yule kijana mwembamba. Baada ya muda mfupi ile mashine iliyonong'onwa ikawasili, ikaingia mtaroni kama ilivyotabiriwa, na msimamizi akabakiza vibarua wenye mikono myepesi. Zamani Fyeka angekuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Sasa alikuwa miongoni mwa wazito. Alirudi nyumbani na fyekeo lake begani, saa ambayo si ya watu wa kazi kurudi, akaliegemeza nyuma ya kabati kando ya namba saba.

Haikupita muda mrefu, yule mwanachama aliyeuliza habari za nyoka alikuja karakana. Alisema tangu siku ile hajasahau uzuri wa pigo la yule binti, ameambiwa lilitokana na kifaa cha fundi, naye anataka atengenezewe cha mwanawe. Alikuwa mkarimu katika maneno yake yote.

"Nikipinde kwa bega la nani?" fundi alimuuliza.

Mgeni hakuelewa, akafikiri fundi hataki kazi, akaaga. Mchana ule ule fundi alimkata mama wa kambo vipande. Bomba zuri halitupwi. Alilinyoosha, na likaishia kwenye grili ya dirisha la mteja wa mtaa wa mbali, asiyejua wala asiyehitaji kujua. Ua ukabaki wazi, na alama za miguu ya nondo ardhini.

Kwenye kona ya ua huo majani yalikuwa yameota, kwa kuwa kwa miezi kadhaa hakuna aliyepita huko. Jioni moja Fyeka alilichukua fyekeo akaenda kuyafyeka. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana, shangazi anachambua mchele kwenye ungo. Wote wawili walijifanya hawatazami. Fyekeo lilikwenda, likapanda, likasita hewani mahali ambapo hapakuwa na bomba wala kitu chochote, ndipo likashuka, na majani yakainama bila kukatika. Alijaribu tena na tena. Fundi alijifunika uso kwa viganja.

Shangazi aliweka ungo chini. Utani wote ulikuwa umemtoka. Alimtazama mdogo wake, akatazama ile kona, na kwa sauti ndogo, wala si ya kumsuta, akasema alichopaswa kukisema siku ile duara la kijani lilipoingia uani, akaona afadhali acheke.

"Mdogo wangu, pigo la mtoto lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa lake, na duara lako ndilo hilo, limekwenda kukaa kwenye dirisha la watu. Usiache mbachao kwa msala upitao."